Kutunza vitu vya kale katika hewa ya Mombasa: kutoka msahafu hadi mlango wa nje

Vitu vya kale katika nyumba za Mombasa huharibiwa zaidi na unyevu wenye chumvi, wadudu, na mikono ya watu wanaovipenda. Jambia lililokaa kimya kwa vizazi vitatu linasuguliwa kwa ndimu wiki moja kabla ya harusi. Waraka wa babu unapelekwa kufanyiwa laminesheni ili "usipotee". Mlango unapigwa msasa na vanishi kwa sababu wageni wanakuja. Wahifadhi wa makumbusho wanajua madhara ya haya yote na huyazungumza sana wao kwa wao, lakini maneno yao hayavuki kwa wingi kuingia Kibokoni au Kuze, mitaa ya Mji wa Kale. Mwongozo huu ni wa aliyerithi kasha, khati (maandiko ya mkono), vikuku au mlango na hataki kuharibu.

1. Usisafishe kwanza

Kabla hujashika kitambaa, piga picha. Simu inatosha. Weka kitu karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, weka rula kando yake, kisha upige mbele, nyuma, ubavuni, chini na ndani. Halafu funga dirisha, mulika tochi kutoka upande mmoja ili mwanga uteleze juu ya uso wa kitu, upige tena. Picha hizi za pili ndizo mhifadhi hupenda kuziona, maana nyufa, rangi iliyoanza kubanduka na alama za patasi hujitokeza, mambo ambayo mwanga wa mbele huyaficha.

Kisha tengeneza kadi ya kitu hicho. Tumia penseli, kwa sababu wino wa kalamu ukilowa husambaa na kutia doa. Andika jina la kitu kama linavyotajwa nyumbani, kilitoka kwa nani, vipimo vyake, kimetengenezwa kwa nini, kina kasoro gani leo, na kimewahi kufanywa nini. Hilo la mwisho watu huliruka haraka, nalo ndilo zito kuliko yote. Kasha lililowahi kupakwa mafuta ya taa halitashika gundi kama kasha lisilopakwa kitu. Kikombe kilichoungwa kwa gundi ya dukani hutibiwa tofauti na kilichovunjika jana. Kaa na bibi au mjomba anayekumbuka, umuulize: mafuta gani, gundi gani, fundi yupi, kabla ya mvua gani? Hata jibu la nusu liandike.

2. Panga mahali kwa kufuata hewa ya hapa

Kuvu huanza kustawi unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au hivi. Hewa ya Mombasa hupita asilimia 70 mara kwa mara. Vitabu vingi vya uhifadhi vimeandikwa kwa ajili ya nchi baridi na hutaja asilimia 50, kisha msomaji wa hapa hukata tamaa au hukimbilia kununua AC. Ninavyoona mimi, AC inayowashwa mchana na kuzimwa usiku ni mbaya kuliko kutokuwa nayo kabisa. Mbao na ngozi hujikunja zikikauka na kutanuka zikilowa, na mchezo huo ukirudiwa kila siku, kasha lililokuwa salama miaka mia katika unyevu uleule hupasuka. Usitafute ukavu wa Ulaya. Tafuta hewa inayotembea na hali isiyobadilika ghafla.

Kwa hiyo ondoa vitu kwenye ukuta wa nje, hasa ule unaotazama bahari au unaopigwa na mvua. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji na chumvi. Ukiona chokaa inapukutika kama unga mweupe, hapo usiegemeze chochote. Zidaka (vishubaka) za ukuta wa ndani zinafaa kwa sahani, ila zisizo kavu ziachwe tupu. Kasha lisigusane na sakafu: liinue kwa vigogo au miguu ili upate kuona chini yake, uache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Ghorofa ya kati ni bora kuliko ya chini yenye unyevu au ya juu inayochomwa na paa. Jikoni hapafai. Chumba cha kufukizia udi nacho hakifai kwa vitabu na nguo za zamani, kwani moshi wa udi na ubani huacha utando wa mafuta unaokamata vumbi.

Kifaa kidogo cha kupima unyevu si ghali. Kiweke karibu na kitu chenyewe badala ya kukitundika sebuleni.

Kalenda ya kazi ifuate upepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, fungua makasha, toa nguo na vitabu, uvipunge. Vipunge kivulini penye upepo. Desturi ya kuanika vitabu na nguo juani huua baadhi ya wadudu, lakini jua hufifisha rangi na kukausha karatasi hadi inakatika, na rangi iliyopotea hairudi. Masika yakikaribia, mwisho wa Machi, kagua paa, mifereji na madirisha, kisha ufunge. Katikati ya mvua usiache wiki mbili zipite bila kufungua na kunusa. Harufu ya uvundo hutangulia kuvu kuonekana.

3. Wadudu: tambua kama wako hai

Matundu kwenye mbao hayana maana ya kwamba wadudu bado wamo. Yanaweza kuwa ya zamani za babu. Tandaza karatasi nyeusi chini ya kasha au kiti, andika tarehe pembeni, usubiri wiki mbili au tatu. Unga mpya mweupe ukianguka, wamo. Usipoanguka, acha kumwaga dawa bure.

Kitu kidogo, kama kijaluba, kitabu au kofia, kinaweza kutibiwa kwa friza. Kikunje kwa merikani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) iliyofuliwa, kisha kwa karatasi la nailoni zito, ufunge kwa mkanda pasiingie hewa. Friza za nyumbani hufika nyuzi 18 chini ya sifuri; kiache wiki mbili. Ukikitoa, usifungue kabla ya siku nzima kupita, la sivyo mvuke wa hewa utakilowesha. Usigandishe picha za kioo, michoro ya rangi, wala kitu chenye pembe, lulu au mbao zilizounganishwa na chuma.

Mchwa ni habari nyingine. Ukiona njia za udongo ukutani, hamisha kitu, kisha shughulikia nyumba. Kutibu kasha na kuuacha ukuta hakusaidii.

Vidonge vya nafthalini vinatumika sana katika makasha ya nguo. Mvuke wake si mzuri kwa mapafu na huyeyusha baadhi ya plastiki. Majani ya mwarobaini na karafuu, desturi ya zamani, yawekwe ndani ya kifuko cha kitambaa, kamwe yasiwe kati ya kurasa, kwa maana huacha madoa ya kahawia. Pia usiyategemee kuua wadudu waliokwisha kuingia.

4. Kuvu

Vaa barakoa ya N95, utoe kitu nje penye upepo, mbali na vitu vingine. Kwanza kikauke. Kuvu iliyolowa ukiisugua unaipaka. Iliyokauka hung'oka kwa brashi laini, ukipiga kuelekea nje. Usipake siki, usipake jiki. Kisha rudi kwenye chanzo, maana bila kukiondoa kuvu itarudi masika yajayo.

5. Khati, misahafu na picha

Hapa ndipo Mombasa ina utajiri ambao wengi hawaujui: barua za biashara, mikataba ya ardhi, tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, misahafu ya mkono. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, zimetufikia kwa kiasi kikubwa kwa sababu Mwalimu Sikujua aliziandika baadaye akampa W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza. Karatasi hizo leo ziko London. Karatasi za aina hiyo zilizobaki hapa ziko kwenye mabegi juu ya makabati, na wengine hawajui walichonacho.

Shika kwa mikono iliyonawiwa na kukauka vizuri. Glavu nene hupoteza hisia ya vidole na ukurasa hukatika. Glavu za nitrili ziache kwa picha na metali. Msahafu una adabu zake, na uhifadhi hauna ugomvi nazo: udhu, mahali pa juu, kitambaa safi. Ila mikono ikauke kabisa baada ya udhu.

Kitabu cha zamani hakifunguliwi hadi kilale. Weka mito miwili midogo au taulo zilizokunjwa, kila jalada likae juu ya moja, kitabu kifunguke nusu tu. Usilambe kidole kugeuza ukurasa. Usiguse maandishi kwa kitambaa chenye maji: wino wa masizi na gundi ya mti huyeyuka, na ukurasa mzima waweza kuondoka kwa kupangusa mara moja. Ukiona maandishi yamegeuka kahawia na karatasi imetoboka mahali palipokuwa na herufi, huo ni wino wenye chuma unaoila karatasi. Hapo usikunje wala usikunjue.

Selotepu isikaribie karatasi ya zamani. Gundi yake huingia ndani, hugeuka njano na baada ya miaka huacha doa ambalo hata maabara hulitoa kwa taabu. Laminesheni ni mbaya zaidi: moto na plastiki huungana na karatasi, na kuitoa ni kazi ya hatari isiyo na uhakika. Kama waraka unahitaji kushikwashikwa, pigia picha, uchape nakala, ushike nakala. Asili iwekwe bapa ndani ya karatasi nyeupe isiyo na asidi, kisha kwenye boksi gumu lenye kifuniko. Karatasi hiyo ikikosekana, merikani iliyofuliwa mara kadhaa hadi wanga wote utoke inafaa. Magazeti hayafai: yana asidi na huambukiza. Plastiki inayonuka nayo iache.

Kupiga picha kurasa: simu iwe juu ya ukurasa sawasawa, bila mwako, mwanga wa dirisha kutoka kushoto au kulia. Anza na jalada la kulia, kwa mpangilio wa kitabu chenyewe. Kurasa zilizotawanyika zikikushinda kuzipanga, angalia pembe ya chini ya ukurasa wa kulia. Waandishi wengi wa khati waliandika pale neno linaloanza ukurasa unaofuata, na kwa neno hilo kitabu kilichovurugika hupangika tena. Hifadhi picha mahali pawili, mojawapo nje ya nyumba. Na familia ikiamua kuzika kwa heshima kurasa zilizochakaa, ipige picha na kumwonyesha mtu anayesoma khati kabla ya hapo.

Picha zilizogandana na kioo cha fremu msizibandue. Zipigwe picha zikiwa juu ya kioo, zibaki hivyo.

6. Mbao, kasha la njumu na mlango

Kosa linaloharibu mbao za zamani kuliko mdudu ni kupaka kitu. Mafuta ya nazi huchacha na kuvuta vumbi, mafuta ya kitani hugeuka meusi na kunata, mafuta ya injini (ndiyo, watu huyapaka) hubaki humo milele. Mbamba kofi na msaji ni mbao zenye mafuta yake zenyewe. Hazina kiu.

Kazi ya kawaida ni brashi laini kavu, kwa kufuata michoro, na kitambaa cha pamba kilichokamuliwa hadi kisiache alama ya maji, halafu kikavu mara moja. Basi. Kama mbao za ndani zinahitaji kinga, nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, tabaka jembamba kabisa, ujaribu kwanza mahali pasipoonekana na kusubiri siku kadhaa. Kwenye mlango wa nje unaopigwa na jua nta hulainika na kuwa gundi ya vumbi, kwa hiyo usiweke.

Kasha la njumu, yaani lililopambwa kwa misumari ya shaba, lina balaa lake. Dawa ya kung'arisha shaba huingia pembeni mwa misumari na kukauka ikawa vumbi jeupe, na kemikali zilizomo hudhuru mbao na shaba kwa pamoja. Njumu zilizofifia ziachwe zimefifia. Kasha halina haja ya kuonekana limetoka dukani.

Mlango wa nje: tazama maji yanapotoka. Mara nyingi uharibifu uko chini, pale kizingiti kinapokutana na ubao, kwa sababu maji ya kudekia au ya mvua hukaa. Rekebisha mteremko wa mlango, tengeneza kikingio juu, na umwambie anayepiga plasta asiweke saruji kuzunguka fremu. Saruji huzuia ukuta wa matumbawe na chokaa kupumua, unyevu unatafuta njia na njia yake ni mbao. Chokaa ndiyo inayofaa, hata kama fundi atasema inachelewesha kazi.

Usimruhusu mtu kutumia kostiki (soda kali) kuondoa rangi ya zamani. Hulainisha nyuzi za mbao, kingo za michoro hupotea, na chumvi inayobaki hutoka nje kila masika. Msasa nao hufuta patasi ya mchongaji. Kabla ya kumpa fundi kazi, muulize: utaondoa nini, utaweka nini, na je, ulichoweka kinaweza kutolewa siku moja bila kuumiza mbao? Fundi mzuri hatachukia maswali haya. Ukipata fundi aliyejifunza uchongaji kwa mlezi wake, muombe akueleze anavyofanya, na uandike. Namna ya kuunga mfaa (nguzo ya katikati ya mlango), ya kuchagua mbao, ya kutia mchongo mpya pembeni mwa wa zamani, haya yote yako kichwani na mikononi mwake.

7. Fedha, shaba na chuma

Kila ukisugua fedha unaondoa fedha. Mitali (vikuku vya mguuni) iliyosuguliwa kila Idi kwa miaka hamsini hupoteza michoro, na hakuna sonara anayeirudisha. Ifunge kwa merikani safi, ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, mbali na raba, sufu na mayai: vyote vina salfa inayoitia weusi. Usitumie dawa ya meno, majivu wala ukwaju. Ile njia ya foili na soda ya kuokea inayosambazwa kwenye simu hutoa hata weusi uliowekwa makusudi na sonara ndani ya nakshi. Sugua kwa pamba laini tu, na mara chache.

Jambia, kufuli na bawaba za chuma: kutu lililolegea litolewe kwa brashi kavu, kisha nta nyembamba. Chumvi ya hewa yetu haisamehe chuma kilichoguswa na mikono yenye jasho, kwa hiyo shika kwa glavu.

8. Nguo, vyungu na vitu vya bahari

Kanga, joho na kofia za zamani zisikunjwe mstari mmoja mwaka mzima. Ziviringishe kwenye mwanzi uliofungwa merikani, au kila kaskazi ubadilishe mikunjo. Usifue kabla ya kujaribu tone la maji kwenye kona na kulikandamiza kwa kitambaa cheupe: rangi ikitoka, isifuliwe.

Sahani za Kichina zilizopasuka zisiunganishwe kwa gundi ya papo hapo. Vipande vyote, hata vidogo, viwekwe pamoja ndani ya boksi.

Kilichotoka baharini kibaki kwenye maji. Chungu kikikauka ghafla, chumvi hugeuka fuwele na kukibandua. Mbao zilizolowa karne nyingi hujikunja kama karatasi iliyoungua. Hili lilijulikana vizuri hapa tangu meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 karibu na Ngome ya Yesu wakati ngome hiyo ilipozingirwa na Waomani, ilipofukuliwa kuanzia 1977 na vitu vyake kufanyiwa uhifadhi. Mvuvi akikuta kitu wavuni, akiweke kwenye ndoo yenye maji ya bahari, akumbuke alipokipata, na akiripoti.

9. Jinsi ya kumuuliza mtaalamu

Ngome ya Yesu ni makumbusho tangu 1962, na wanaofanya kazi ya uhifadhi humo wanaijua hewa hii. Tangu mwaka 2000 kuna pia kituo cha mafunzo ya urithi kilichoanzia hapa Mombasa, leo Centre for Heritage Development in Africa. Canadian Conservation Institute hutoa maelezo mafupi ya kiufundi bure mtandaoni, ila kumbuka vipimo vyao vya unyevu vina baridi ndani yake.

Nenda na picha na kadi. Kitu kibaki nyumbani. Swali lisiwe "nisafishe kwa nini?" Liwe hivi: "Kasha la mbamba kofi, lina urefu wa sentimita 110, liko ghorofa ya chini, lilipakwa mafuta ya kitani na marehemu baba, tangu Mei kuna unga mpya chini ya mguu wa kushoto." Kwa maelezo hayo mtaalamu anaweza kujibu hata kwa simu. Jibu liandike kwenye kadi, na tarehe, na jina la aliyelitoa.

10. Kabla ya kuuza au kuhamisha

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inalinda vitu vinavyohamishika, isipokuwa vitabu na nyaraka, vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Pia inautaja mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Mji wa Kale wenyewe umekuwa eneo la hifadhi tangu 1990. Basi ukitaka kung'oa mlango, kuubadilisha au kumuuzia mtu atakayeupeleka nje, fika kwanza kwa makumbusho na uombe kibali kwa maandishi, ukiambatanisha picha na kadi ulizotengeneza hatua ya kwanza. Ombi lifike kabla ya kumpa mnunuzi neno lako, na bila shaka kabla ya seremala kuanza kufungua bawaba.